Yaya yangu (kaka yangu mukubwa) ku Marekani anajitengenezea masasi ya pistole mu garaji, ii iko salama ao hapana?

MwanaKatuba:
Jambo yenu bandugu. Munisamehe kama ii mambo haifai kuuliza apa lakini niko na wasiwasi na sina mwingine wa kuuliza. Yaya yangu iko Phoenix kule Arizona myaka kumi sasa, anatumika mu depo moja, na wikendi anaendaka kupiga pistole ku stendi ya kupigia shabaha, kule ni mchezo tu, bantu banalipa makuta yao juu ya kutoboa makaratasi. Ile hainisumbue. Sasa juzi tulikuwa mu video na mama, yaya akageuza kamera atuonyeshe garaji yake, tukaona meza, juu ya meza iko mashini moja ya blu yenye mukono mrefu wa kuvuta chini, pembeni ndoo mzima ya maganda ya masasi inang'aa sawa zahabu. Mama akauliza ile ni nini. Ye akajibu bila haya, "Mama ni masasi, mi mwenyewe njo natengenezaka."

Mama hakulala. Asubui na mapema akanigongea ku mulango: serikali ya kule inajua? Ile pudre (baruti) iko mu nyumba moja na batoto, haiwezi kuruka na kila kitu? Anakumbuka tu Mpila, kule Brazzaville, ile depo ya masasi yenye ilipasuka 2012 na bantu zaidi ya mia mbili bakafa. Na yaya anasema anafanya vile juu bei iko chini, mi nimepiga hesabu sioni. Mwenye anajua atuelezee polepole, mi ni mutu wa kushona viatu, pistole nilisha kuona tu ku mukanda ya polisi.

Fundi_Louisville:
Ndugu mpe mama pole, mwambie alale. Mimi ni wa Bukavu, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Kentucky na hii kazi naifanya mwaka wa sita, kwa hiyo nitasema ninachokifanya kwa mikono yangu.

Sheria kwanza. Sheria ya Marekani nzima haimkatazi mtu kujaza risasi zake mwenyewe za kupigia, wala haimwombi leseni kwa hiyo. Akianza kuzifanyia biashara ya kuuza, hapo anahitaji leseni ya mtengeneza risasi. Kwa hiyo kaka yako si jambazi, ila asije akamuuzia mtu wa kanisani boksi moja "ya kusaidiana".

Sasa ile mashini. Risasi moja ina vitu vinne: ganda, amorsi (kale kakofia kadogo ka chini kanakopigwa na pini), baruti, na ile risasi yenyewe inayoruka. Ukipiga, vitatu vinaisha, ganda linabaki, na ganda ndilo lenye gharama. Basi mtu anaokota maganda yake stendi, anayasafisha, presi (ile mashini ya blu) inasukuma amorsi iliyokufa nje na kulirudisha ganda kwenye kipimo maana lilipanuka kwa moto, unatia amorsi mpya, unatia baruti, unasindilia risasi juu, unabana mdomo. Ndiyo hayo tu. Ganda la 9 mm likitunzwa linarudi mara nyingi, mengi yangu hupotea kwenye nyasi kabla hayajapasuka. Ya chuma na ya aluminiamu tunaacha. Na yale yenye vitundu viwili vidogo ndani badala ya kimoja katikati tunatupa, amorsi yake haitoki kirahisi. Kichekesho ni kwamba hii ya tundu moja wanayoipenda Wamarekani aliibuni Mwingereza, Boxer, na ile ya matundu mawili iliyozoeleka Ulaya aliibuni Mmarekani, Berdan.

Mpila ilikuwa depo ya jeshi, yale ni mabomu na makombora, usiyalinganishe. Baruti ya pistole ikiwa wazi inawaka haraka kama nyasi kavu, inafanya pshhh na moto mkali, inaunguza nyumba ndiyo, lakini hailipuki kama bomu. Inalipuka ukiifungia ndani ya kitu kigumu kisichopumua. Ndiyo maana inakaa kwenye kopo lake la kiwandani, lile linapasuka upesi kabla presha haijapanda, na mtu anayeihamishia kwenye sanduku la chuma akidhani anailinda ndiye anayejitengenezea bomu. Kanuni za zimamoto za kule zinaruhusu nyumbani ratili 20, kama kilo 9, na amorsi zisizozidi 10,000. Amorsi mimi naziogopa kuliko baruti. Hazitoki kwenye trei yake ya karatasi mpaka nazitumia, usizimwage kwenye chupa ya jam kama karanga, moja ikilipuka inaziita zingine.

Hatari yenyewe iko mezani. Baruti ya pistole ni kidogo sana, haijazi ganda, mara nyingi haifiki hata nusu, kwa hiyo ukitia mara mbili bado inaingia na kwa nje huoni kitu. Hiyo inapasua pistole mkononi. Na ukisahau kutia kabisa, amorsi peke yake ina nguvu ya kusukuma risasi mpaka katikati ya mtutu halafu ikakwama, ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. Mimi hii ya pili ilinipata mwaka wa kwanza. Nilikuwa navuta presi, simu ikalia, shemeji kutoka Kadutu, nikapokea huku mkono unaendelea. Wiki iliyofuata stendi nikasikia "pfu" badala ya "pa", mkono haukurushwa, nikaweka chini nikatoa sharja (kile kisanduku cha risasi) nikafungua, risasi iko ndani ya mtutu imelala. Ningevuta tena nisingekuwa naandika hapa kwa vidole kumi. Tangu siku hiyo simu inabaki jikoni, na kila ganda naliangalia ndani kwa taa kabla ya kuweka risasi juu. Muulize kaka yako simu yake inakaa wapi.

Bei: kwa 9 mm faida ni senti chache kwa kila moja, na 2020 mpaka 2022 amorsi zilipotea madukani hata faida hiyo ikafa. Kwa kalibri kubwa za rivolva ndiyo unaiona. Mke wangu ana hesabu yake ya presi na vikorokoro vyote, sitaiandika hapa.

DadaWaHimbi:
Mimi niko Goma na nasoma ii yote nachoka tu. Huku batoto banaokota maganda mu barabara banafanyaka nayo mikufu na filimbi, juu yake iko bado zenye hazijapigwa, na batoto hawajue kutofautisha, nilisha kupokonya mwana wa jirani moja yenye iko nzima alikuwa anaigonga na jiwe juu ya mawe ya volkano, nilitetemeka mpaka magaribi. Na mwingine anakuja anauliza namna ya kutengeneza. Admini munaacha vile?

Papa_Kipushi:
Dada Himbi uko na haki ya kukasirika, ila soma tena, mutoto anauliza juu ya nyumba ya yaya yake kule Arizona, haiko kwa ajili ya kufanya uku. Uku hakuna mjadala. Sheria, ile ordonansi-loi 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 njo inatawala silaha na masasi mu Congo, na bila ruhusa ya serikali ukikutwa na meza ya vile mu Katuba apa Lubumbashi hautapata nafasi ya kueleza kama ni mchezo.

Lakini nicheke kidogo. Munashangaa presi ya blu sawa ni kitu ya Bazungu. Zamani baba yangu alikuwa muwindaji na bunduki ya kalibri 12, na kartushi ya dukani ilikuwa bei ya mbuzi, basi duyi (ganda) moja ilipigwa, ikarudi, ikajazwa, mpaka karatasi yake inachakaa. Tulikuwa tunakatazwa kabisa kupita na taa ya petroli karibu na ile meza, mama alikuwa anatutoa inje. Na wenye hawakuwa na kalibri 12 walikuwa na pupu, ile bunduki ya kujaza ku mdomo yenye bafundi ba muji banatengeneza na bomba, na kila muji uko na muntu mwenye jina "Kidole Tatu". Kwa hiyo ya Fundi Louisville juu ya kupasuka mi sina shaka nayo.

Na lile ganda lenye kung'aa, mwana wa Lubumbashi, unajua ni nini? Ni shaba 70 na zinki 30 kwa mia. Shaba yetu na zinki ya Kipushi, fasi nilizaliwa. Mu vita ya kwanza ya dunia shaba ya Union Minière, ile kampuni ya mini ya Babeleji, ilikuwa inatoka apa inaenda ku bafabrika ba masasi kule Ulaya. Sasa inaokotwa mu nyasi ya Phoenix.

Kitu hakuna mwenye amesema ni risasi yenyewe, plomb, ile metali nzito yenye sumu. Munapita mupaka ya Kasumbalesa kila siku, endeleeni mpaka Kabwe kule Zambia, ile mini ya plomb ilifungwa 1994 na mpaka leo batoto ba kule iko na plomb mu damu kwa sababu ya vumbi ya mu kiwanja. Haina rangi haina harufu. Na vumbi ya maganda yenye yamepigwa iko na plomb, inatoka mu amorsi. Yaya anayasafishia wapi?

MwanaKatuba:
Asanti sana bakubwa. Dada Himbi, pole ya ule mutoto, sikuwa na mawazo mubaya. Nimepigia yaya jana usiku nikamusomea yote, kwanza alicheka, alafu akaanza kunyamaza.

Simu anawekaka juu ya meza juu ya kusikiliza muziki. Baruti iko mu kopo yake ya fabrika, ile ni sawa, lakini kopo ziko juu ya etajeri pembeni ya ile tanki ya gazi ya kuchemshia maji ya nyumba. Na maganda anasafisha na mashini moja ya kutetemeka yenye unga ya magunzi ya mahindi ndani, mu garaji, mulango imefungwa juu ya kelele, na mutoto wake wa myaka miwili anachezeaka trotineti (kibaiskeli ya kusukuma na muguu) mule mule. Pistole pia anasafishia ku ile meza. Ni Browning GP, anasema ni kitu ya Babeleji na baba alijua ile, iko na miaka mingi, mafuta anamwaga mingi juu isipate kutu. Ile ni sawa?

Fundi_Louisville:
Aaah. Ile tanki ina moto ndani yake unaojiwasha wenyewe. Kopo zitoke leo, ziende kabati la mbao sehemu baridi na kavu, nje ya garaji kabisa, lenye kufuli. Ile mashini ya kutetemeka iende nje uani, yeye avae barakoa akiufungua ule unga, na asiupepete ndani. Wengine tunaosha kwa maji na sabuni kwenye pipa la kuzunguka, vumbi halipo, ila yale maji hayamwagwi kwenye mboga. Sakafu ya garaji aifute kwa kitambaa kibichi, ufagio unarusha tu. Mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, nguo zile zisiingie ndani. Na mtoto apimwe damu, daktari wa watoto anakijua hicho kipimo, ni tone la kidoleni tu kwa kuanza.

GP ni pistole nzuri, ya 1935, Herstal. Browning mwenyewe, aliyeanza kuibuni, alifia huko kiwandani 1926 kabla haijaisha, fundi mwingine, Saive, akaimalizia. Lakini kuisafisha kwenye meza yenye baruti hapana. Meza nyingine, sharja nje, chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) iangaliwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine. Brashi ya shaba ndani ya mtutu, kitambaa mpaka kitoke kisafi, halafu mafuta matone mawili matatu pale chuma kinapoteleza juu ya chuma. Kumwaga mafuta Arizona ni kutengeneza ugali wa mchanga. Tena mafuta yakiingia kwenye amorsi yanaweza kuiua, na amorsi iliyokufa nusu inaweza kukupa "pfu" kama ile yangu. Resori (springi) ikiwa ya zamani abadilishe, ni bei rahisi, ikichoka vyuma vya pistole vinagongana kwa nguvu.

Papa_Kipushi:
Trotineti mu plomb. Musemee mama yenu, yeye njo atamuweza.

MwanaKatuba:
Nilisha kumusemea. Mama alichukua simu yangu, dakika arobaini na tano, megabaiti zangu zote. Yaya ameitika kupeleka mutoto ku kipimo jumatatu, na kopo alizitoa mama akiwa anaangalia mu kamera. Tanki ya gazi mama hakuijua, akamuambia na ile aitoe.