Farasi mfupi wa mgongo, mpana wa mbavu: nichukue tandiko gani?

Dada_UsaRiver
Habari za jioni wadau. Nina farasi jike, chotara wa Boerperd, wale farasi wa Afrika Kusini. Mgongo wake mfupi, mbavu zimetanuka kama pipa, mabega bapa hayana kilele cha kuzuia tandiko. Hili alilokuja nalo linafika mpaka kiunoni, na tukiteremka kutoka Nkoaranga linamhamia shingoni. Mimi mwenyewe si mwembamba, nakalia inchi 17 na nusu.

Nimebakiwa na njia tatu: tandiko la sintetiki la chapa ya Wintec, lile la kubadilisha chuma cha mbele, tandiko lisilo na fremu ngumu ndani, au la Kimarekani lenye sketi (ngozi ya chini) ya mviringo. Lolote nitakalochagua litapitia Namanga, na kulirudisha ni mtihani. Aliyewahi kuwa na farasi wa umbo hili anisaidie.

Saisi_Tengeru
Dada, usichague kabla hujapima. Msimamishe mahali tambarare. Tafuta ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, weka alama ya chaki. Kisha papasa ubavu wa mwisho kutoka tumboni, upandishe vidole taratibu ukiufuata, maana unapinda kwenda mbele kadiri unavyopanda. Ukifika mgongoni weka alama ya pili. Hapo katikati ndipo pa kubebea uzito wako. Nyuma ya ubavu huo pingili hazina mbavu za kuzishikilia, usipakalie.

Halafu chukua waya laini wa umeme, ulaze juu ya mabega vidole viwili nyuma ya mfupa, uukandamize ushike umbo, uchore kwenye boksi. Farasi wako nahisi atatoa umbo la U iliyogeuzwa. Matandiko mengi ya Kiingereza yametengenezwa kwa umbo la V iliyogeuzwa. Ukimwekea V, hata iandikwe "pana" mara tatu, ncha zitambana chini na juu kutabaki uwazi.

Kisongo_Juu
Naongezea kwa Saisi, hapo kwenye Wintec watu wengi wanapotea. Vile vyuma vina rangi, nyekundu ni pana na nyeupe ni pana zaidi. Lakini chuma kinafungua mbele tu. Mfereji wa katikati na upinde wa fremu vinabaki vilevile. Kuna toleo lao linaloitwa Wide, fremu yenyewe imetanuliwa. Kama ni Wintec, tafuta hilo, usinunue la kawaida ukategemea chuma cheupe kifanye miujiza.

Nalipenda kwa jambo lingine pia: masika ya huku Meru ngozi inaota ukungu usipoipangusa. Sintetiki unamwagia maji tu, unaanika kivulini.

Mama_Siha
Mimi napanda bila fremu na sirudi tena kwenye lenye fremu. Farasi wangu mpana vilevile, bega linacheza huru.

Saisi_Tengeru
Shikamoo mama. Kwa heshima zote, wewe ni mwepesi na unazunguka shambani. Bila fremu uzito hujikusanya pale vikuku vinapofungwa, na mpandaji mzito wa saa tatu nne atamwachia farasi vidonda. Tena kwa mabega bapa linazunguka ukipandia kikuku kimoja.

Mama_Siha
Marahaba mwanangu. Napandia jiwe, sivuti kikuku. Na chini naweka pedi nene yenye mfereji katikati, uti wa mgongo haugusi kitu. Asiyekuwa na pedi hiyo asijaribu, hapo nakubaliana nawe. Kuhusu uzito sitabisha.

Kisongo_Juu
La Kimarekani mimi ningeliacha. Sketi ya mviringo inapunguza ngozi ya nyuma, sawa, ila mbao za fremu chini yake zinaweza kuwa ndefu kuliko mgongo wenyewe. Uzito nao kilo 12 na kuendelea kabla hujapanda, na vipimo vyao vya upana havifanani kiwanda kwa kiwanda. Kwa kuagiza bila kujaribu, hiyo ni bahati nasibu.

Dada_UsaRiver
Nimepima. Kati ya chaki na chaki ni sentimita 41. Waya umetoa U kweli, karibu bapa. Sasa kalio la 17 na nusu litaenea hapo?

FundiNgozi_Kiboriloni
Inchi 17 na nusu ni kipimo cha kalio lako, kinapimwa kutoka kifungo cha pembeni mbele hadi katikati ya ukingo wa nyuma. Mito ya chini ina urefu wake. Matandiko mawili ya inchi sawa yanaweza kupishana sentimita kadhaa chini, kwa sababu mengine mito yake inapanda juu kwa nyuma na haigusi mgongo. Mwambie muuzaji aligeuze, aweke futi juu ya mto sehemu inayogusa, akupigie picha. Akikataa, achana naye.

Mito ya sufu naweza kukujazia hapa Moshi, kutoa na kuongeza. Fremu siwezi kuifupisha, wala kuipanua. Mtu akikwambia anaweza, muulize kwanza alishazipasua ngapi.

Kwa kuhama mbele, angalia mikanda ya kufungia mshipi wa tumbo. Wa kwanza ukitokea kwenye ncha ya fremu, huwa unalizuia. Kuongeza pedi kwa farasi mpana ni sawa na kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kinachobana.

Dada_UsaRiver
Asante fundi. Basi bila fremu naliacha kwa ajili ya kilo zangu, mama Siha anisamehe. Namwandikia muuzaji wa Nairobi kuhusu Wintec Wide, picha ya chini kwanza ndipo hela. Saisi, likifika utakuja kuliangalia?

Saisi_Tengeru
Nitakuja. Litandike bila pedi, umtembeze kwanza ukiwa umepanda. Baadaye tumtoe jasho na kitambaa cheupe chembamba chini yake: palipobaki pakavu katikati ya jasho ndipo panapombana. Jumamosi nina kwato za kukata, labda Jumapili baada ya ibada.

Mama_Siha
Samehewa. Pedi yangu ipo ukibadili mawazo.