Autotools ya 2012, CMake au Meson? Natakiwa kutoa .deb (faili la kusakinishia la Debian) kabla ya Ijumaa

fundi_temeke: Wakuu habari za mchana. Kuna programu huria ya stoo, C tupu, mteja wangu Kariakoo anaitaka kwenye mashine tatu. Inajengwa (msimbo kugeuzwa programu) kwa Autotools ya kizamani na mwandishi wake kaitelekeza. Nibaki nayo, nihamie CMake, au Meson, zile zana nyingine za kujengea?

binti_mabibo: Mkuu umeleta swali nusu. Debian ipi, huo mfumo wako wa Linux? GCC ipi, kikompaili? Configure, ile skripti ya kupima mashine kabla ya kujenga, imezalishwa na Autoconf (sehemu ya Autotools) gani? Imeandikwa mistari ya juu kabisa ya hiyo skripti.

fundi_temeke: Samahani dada. 2.69. Mashine ni Debian 13. Laptop yangu ya Debian 11 inaikubali bila shida.

kamba_mbili: 2.69 ni ya 2012 hiyo! Hamia Meson ulale. GNOME walishahama, systemd pia, miradi mikubwa ya Linux hiyo.

babu_gongolamboto: Kijana, mimi nimeungua, nisikilize. Mwaka jana nilifungasha programu ya kaunta ya duka moja la vipuri. Configure ikapita, make ikapita, nikaenda zangu kunywa chai. Wiki mbili baadaye naitwa: hesabu ya stoo haikai. Keshia wa mbele na wa nyuma wakiuza pamoja, mauzo ya mmoja yanapotea. Siku mbili nahangaika na kebo, hadi swichi nikanunua mpya. Kuja kufungua config.log, kumbukumbu ya vipimo vya configure, kipimo cha kufunga faili (wawili wasiandike kwa pamoja) kimejibiwa "no". Kumbe kipimo chenyewe cha enzi hizo kinaita exit bila kutaja stdlib.h. GCC za nyuma zilikuwa zinanung'unika tu na kuendelea, GCC 14 inagoma. Kipimo hakikukompaili, configure ikaamini mashine haina kufuli, ikaliacha nje. Hakuna kosa hata moja kwenye skrini. Na Debian 13 ina GCC 14.

kamba_mbili: Si aendeshe autoreconf -fi tu, izalishe configure upya, babu?

babu_gongolamboto: debhelper, zana ya kufungashia .deb, inaiendesha yenyewe tangu kiwango cha 10. Haigusi kipimo kilichoandikwa kwa mkono ndani ya configure.ac, chanzo cha configure. Hicho unakirekebisha mwenyewe.

mhandisi_sinza: CMake jamani. Kila mtu anaijua.

binti_mabibo: Kila mtu anaijua, lakini toleo la 4.0 la 2025 linakataa mradi unaotaja toleo la CMake chini ya 3.5. Nina maktaba mbili zimeandikwa 2.8, kila mara nazitilia kigezo cha CMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM zikubaliwe. Uzee haukwepeki kwa kubadili jina la chombo.

mhandisi_sinza: Debian 13 ina CMake 3.31, dada, hilo halimhusu. Autotools ndiyo iliyoleta balaa la xz 2024, ule mlango wa siri kwenye programu ya kubana mafaili.

binti_mabibo: Iliyoleta ni mtu. Faili la m4 (la Autotools) lenye sumu lilikuwa kwenye tarball, furushi la toleo, ila halimo kwenye Git, hifadhi ya msimbo, na hata Debian waliokuwa wanaendesha autoreconf waliingia mtegoni.

kamba_mbili: Ndiyo maana nasema Meson, hakuna skripti ya maelfu ya mistari ya kuficha kitu.

babu_gongolamboto: Ficha mnayoijua nyinyi vijana. Fundi, linganisha config.h (faili la majibu ya configure) ya laptop na ya mashine mpya kwa diff kwanza. Dakika mbili.

fundi_temeke: Nimefanya. Mistari minne tofauti. Mmoja ni HAVE_FLOCK, kufuli ya faili yenyewe 😬

mhandisi_sinza: Hiyo laptop ya Debian 11, unaiuza?

fundi_temeke: Mkuu nina Ijumaa hapa. RAM 8, betri imechoka.

mhandisi_sinza: Njoo PM.