.38 Special laini ya shabaha: kichwa cha greni 148, 158 au 200?

Silinda6
Wakuu, naomba ulinganisho. Rivolva ni Smith & Wesson ya .357, mtutu inchi 6, kazi yake karatasi tu, mita 25. Nataka kujaza mwenyewe .38 Special laini (baruti kidogo; ni fupi kuliko .357 lakini huingia kwenye silinda hiyo hiyo) kwa vichwa vya kusubu, yaani vya kumimina madini yaliyoyeyushwa. Kalibu za kumiminia ninazo tatu, uzito kwa greni: wadkata 148 (uso bapa kabisa), semi-wadkata 158 (ncha nyembamba iliyokatwa bapa) na kichwa cha duara 200. Wanasema kizito kinasukuma mkono taratibu, hakipigi. Kweli, au maneno ya kijiweni?

FundiKalibu
Kweli nusu. Kichwa kizito cha mwendo mdogo hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, na mdomo wa rivolva unakuwa umeshaanza kuinuka. Ndiyo maana 200 hupiga juu kuliko 158. Kilengeo cha nyuma kikiwa cha skrubu utakishusha. Kikiwa cha kudumu, uzito umeshachaguliwa na kiwanda.

Shida kubwa ni mzunguko ambao michirizi ya ndani ya mtutu hukipa kichwa. Michirizi ya Smith & Wesson humaliza mzunguko mmoja kwa inchi 18.75, ya Colt Python kwa inchi 14. Greni 200 ni kichwa kirefu, na ukikipunguzia mwendo sana kwenye 18.75 kinaweza kuyumba. Kagua karatasi: tundu likiwa na umbo la yai, kichwa kimeingia ubavu.

Bi_Shabaha
Kwa karatasi, 148 haina mpinzani. Uso bapa unakata tundu safi kama panchi ya ofisini, hakuna ubishi mstari wa alama ukiguswa. Kichwa cha duara hurarua tu.

Halafu .38 Special ni ya 1898, ganda lake lina nafasi ya baruti nyeusi. Baruti ya kisasa kidogo inalala tu mle ndani, na mwendo unabadilika kulingana na ulivyoinamisha au kuinua mtutu kabla ya kulenga. Wadkata inazama karibu yote ndani ya ganda na kupunguza huo uwazi. Ila chaji (kipimo cha baruti) ya 158 usiihamishie kwenye 148 iliyozama, wala kwenye 200. Presha inapanda.

Silinda6
Na mtutu kushika risasi, yaani madini ya kichwa kuganda ndani yake? Nilidhani dawa ni kichwa kigumu.

FundiKalibu
Kwa chaji laini ni kinyume, mkuu. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini na kwa kinachofyatuliwa, hapa tunasema madini.) Linotaipu, aloi ngumu ya herufi za chapa, ina ugumu wa 22 hivi kwa kipimo cha Brinell. Presha ndogo haiwezi kutanua kitako chake kizibe mtutu, gesi inapenya pembeni na kuyeyusha kingo. Risasi 20 kwa bati 1, ugumu kama 10, inatosha kabisa.

Kabla ya kusubu pima silinda. Kichwa cha .358 kipite koo (sehemu ya mbele) la kila tundu kwa kusukumwa na kijiti. Kikidondoka chenyewe, koo ni pana. Kikitaka nyundo, koo litakikamua kiwe chembamba kuliko mtutu, na hapo hakuna mafuta ya kupaka kichwa yatakayokuokoa. Uchafu ukikaa mwanzo wa mtutu, shuku kipimo au ugumu. Ukikaa mdomoni, mafuta yameisha njiani.

KakaRenji
Hatari yenyewe hamjaitaja. Chaji laini haijazi ganda, kwa hiyo chaji mbili zinaingia bila kumwagika. Panga maganda 50 kwenye ubao wa matundu, mulika tochi, linganisha kina cha baruti kwenye yote kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Ganda tupu nalo baya: praima (kiwashio cha kitakoni) peke yake inakisukuma kichwa kikwame mtutuni. Ukisikia "puf" badala ya mlio, acha triga, toa risasi zote, kichwa kitoke kwa kijiti cha shaba. Chaji zisomwe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si humu, na usishuke chini ya kiwango chake cha chini.

Bi_Shabaha
Nyongeza: ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita 3.4 hivi. Huacha pete ya masizi kwenye matundu ya silinda, na ukirudi kwenye .357 maganda yanagoma kuingia au kutoka. Brashi ya shaba kila baada ya zoezi.

Silinda6
Nimewaelewa. Naanza na 148, na 158 ibaki akiba. Kalibu ya 200 ipo, mwenye Python aje inboksi.