Mvua ya Rusayo: pH mbili, na floridi isiyotulia

Himbi_Kemia
Jambo wandugu. Tunapima maji ya mvua upande wa Rusayo na Sake, karibu na Goma, kule upepo unakopeleka moshi wa volkano ya Nyiragongo mara nyingi. Faneli ya wazi inatoa pH chini ya 5, lakini bidoni inayopokea maji ya manjanja (mabati ya paa), uani mulemule, inapita 6. Floridi nayo haitulii: chupa ileile ikisomwa leo na kesho, namba si moja. Chupa ni za kioo. Elektrodi ya floridi na TISAB (maji ya dawa ya kutuliza pH na ioni kabla ya kupima) tunavyo. Tatizo ni nini?

Labo_Katindo
pH zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Bati limepakwa zinki, asidi inaila na yenyewe inapungua. Vumbi la juu ya bati linamalizia kazi. Maji ya bati yanaonyesha watu wanakunywa nini (hapo linganisha na kikomo cha OMS, Shirika la Afya Duniani, floridi mg 1.5 kwa lita). Hayaonyeshi wingu limeshusha nini. Usichanganye namba za faneli na za bati kuwa wastani mmoja! Tena mvua safi haina pH 7, ni kama 5.6, sababu ya kaboni dioksidi ya hewani.

Kioo acheni, kinashika floridi, hasa maji yakiwa na asidi. Tumieni chupa za polietilini, zioshwe kwa maji yasiyo na ioni, bila sabuni. Faneli ya kipenyo sm 20 iwe mita 1.5 juu ya ardhi, ifunuliwe mvua ikianza tu. Mvua ya mm 10 inatoa karibu ml 314. Maji yakipungua sana kuliko hapo, faneli imeziba au imeinama.

Keshero2
Kubadilika kwa namba: majivu ya volkano. Yakibaki ndani ya chupa yanaendelea kutoa floridi na kumeza asidi. Chuja kwa kichujio cha 0.45 µm siku ileile, halafu friji, 4°C. pH ipime kwenye maji kidogo yaliyotengwa pembeni, maana elektrodi yake inavujisha kloridi ndani ya sampuli.

TISAB ml 25 kwa sampuli ml 25. Elektrodi ya floridi haioni HF (floridi iliyoshikwa na hidrojeni), wala floridi iliyoshikwa na aluminiamu. TISAB inaweka pH kati ya 5 na 5.5 na kuiachilia ile iliyoshikwa. Vipimio (maji ya floridi inayojulikana) vya 0.1, 1 na 10 mg/L vichanganywe vivyo hivyo, na hapo usizidishe jibu kwa 2. Kwa 20°C mteremko wa elektrodi uwe karibu mV 58 kila floridi inapozidi mara kumi. Ukishuka sana, safisha fuwele ya ncha ya elektrodi. Anza kupima maji yenye floridi kidogo zaidi.

Himbi_Kemia
Aksanti sana. Na blanki, yaani sampuli tupu ya kulinganisha?

Labo_Katindo
Kila siku ya kazi, mimina maji yasiyo na ioni kwenye faneli iliyooshwa, uyabebe pamoja na sampuli. Upitishaji umeme ukipita 2 µS/cm, osha upya. Na msitege faneli mabondeni penye mazuku (mashimo ya gesi ya kaboni dioksidi): alfajiri gesi inakuwa imejaa chini, na anayeinama kuchukua chupa ndiye anayeivuta.