Wazee wa mashamba ya mkonge na maktaba ya wilaya: nianzie wapi?

Mkutubi, mkoa wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Miezi mitano iliyopita nilihamishiwa katika maktaba ya umma ya wilaya mojawapo ya mkoa wa Tanga. Wasomaji wangu karibu wote ni wanafunzi, ambao huja na madaftari yao na kujisomea hadi jioni, ilhali watu wazima hupita barabarani wakiamini kwamba jengo hili haliwahusu. Siwalaumu, kwa sababu nilipokagua rafu nikitafuta chochote kinachoeleza maisha ya hapahapa, nilikuta kurasa chache tu kuhusu mkonge ndani ya kitabu cha kiada cha jiografia.

Na mkonge ndio uliotuleta wengi wetu hapa. Miche ambayo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliiagiza kutoka Florida, na ambayo ni 62 tu iliyonusurika, ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Waliokata majani hayo walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji na kwingineko, wakapewa namba na kuitwa manamba. Waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka 80, na kila msiba unaotangazwa msikitini au kanisani hunifanya nijiulize ni nini kimezikwa pamoja na marehemu.

Mwezi uliopita nilikwenda katika kambi moja ya zamani nikiwa na barua yenye muhuri na maswali niliyoyachapa. Wazee walinipa kiti na maji ya kunywa, lakini walinijibu kwa maneno mawili matatu, na mmoja akaniuliza kama nimetumwa kwa ajili ya viwanja. Naomba ushauri: mtumishi wa maktaba aingie vipi kwa watu kama hao ili historia yao iandikwe na ipate rafu yake?

Mwalimu mstaafu, Muheza

Mwanangu, nakupongeza kwa kutoka nje ya mlango wa maktaba, lakini barua yenye muhuri ndiyo iliyokuponza. Watu wanaoishi katika ardhi ya mashamba ya zamani wamekwisha kuona karatasi nyingi zenye mihuri, na aghalabu karatasi hizo huuliza mtu amekaa hapo tangu lini na kwa ruhusa ya nani. Ukija na swali la kwanza "Mzee, ulifika hapa mwaka gani?", yeye husikia swali la ardhi, hata kama wewe unatafuta historia.

Rudi bila barua mkononi. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akupeleke kwa mtu mmoja anayeheshimiwa, kisha ukae barazani baada ya swala ya alasiri, pengine mara mbili au tatu, kabla ya kutoa kinasa sauti. Usiulize habari za "historia", kwa maana wengi wanadhani historia ni ya machifu na Wajerumani. Uliza kazi. Uliza kipande, ile kadi ya siku 30 ambazo mtu alipaswa kuzikamilisha ndani ya siku 42 ndipo alipwe: aliyeugua alifanya nini, mnyapara alikataa kuandika siku kwa sababu gani, na chakula kilitoka wapi kabla kadi haijajaa. Uliza korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilivyonguruma usiku na ni nani aliyepoteza vidole. Nimefundisha watoto wa kambi hizo kwa miaka mingi, na sijawahi kumwona mzee aliyekosa la kusema juu ya kipande.

Na hao wanafunzi usiwaone kuwa kikwazo. Wengi wao ni wajukuu wa watu unaowatafuta.

Mtunza nyaraka, Dar es Salaam

Naafiki ya mwalimu, nami naongeza upande wa utunzaji, kwa sababu nimeona kazi nzuri ikiharibika hapo. Usichukue picha wala kadi ya mtu ukaenda nayo. Ipige picha palepale mbele yake, umrudishie mkononi, na uandike papo hapo ni nani anaonekana, wapi, na nani amekueleza, kwani picha isiyo na majina baada ya miaka kumi haimsaidii mtu. Maelezo ya nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino.

Sauti iwe na nakala mbili zinazohifadhiwa katika majengo tofauti. Ridhaa nayo isiwe saini ya kukimbiza: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, unapaswa kumweleza mtu kwa lugha anayoielewa kwamba maneno yake yatasikilizwa na nani. Mzee akitaka sehemu fulani isifunguliwe hadi afariki, andika sharti hilo na ulitii. Akichangamka zaidi kwa Kiha au Kimakonde, mwache aseme kwa lugha hiyo; tafsiri itafuata.

Mjukuu wa manamba, Korogwe

Dada mkutubi, babu yangu alitoka Kasulu kwa lori na treni, akafia hapa bila kurudi kwao. Nilipokuwa mdogo alikuja mtafiti mmoja, akamrekodi siku nzima, akaondoka na picha mbili ambazo ndizo pekee tulizokuwa nazo. Hatukupata kaseti wala picha. Bibi aliendelea kuziulizia hadi alipofariki. Ndiyo maana wazee wetu hunyamaza, na wala si kwamba hawakumbuki. Ukirekodi, rudi ucheze sauti hiyo kambini wakiwa wote, hata kama ni dakika kumi tu, ili waone kwamba haikupotea. Ukifanya hivyo, mimi nitakupeleka kwa shangazi yangu, ambaye bado anacho kipande cha babu ndani ya sanduku.

Mkutubi, mkoa wa Tanga

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni nyote. Ndugu wa Korogwe, pole sana kwa yaliyowafika; nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Jumamosi nitarudi kambini na wanafunzi wawili tu wa kidato cha tatu ambao babu zao wako huko, bila karatasi ya maswali. Spika ya maktaba inafanya kazi, na mwenyekiti amekubali tutumie uwanja wa mbele ya ghala la zamani kwa usikilizaji wa kwanza. Naomba umuulize shangazi ni siku gani inayomfaa, nami nitakuja na kamera ili kipande chenyewe kibaki ndani ya sanduku lake.