Naomba ushauri: sheria ya ncha za pembe za kulungu huku Pennsylvania

MtotoWaSikonge
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Pennsylvania mwaka wa saba sasa, napiga kazi kiwandani. Swali langu kwa mnaowinda Marekani: hii sheria ya kuhesabu ncha za pembe kabla ya kumpiga kulungu dume, wanaifuatilia kweli au ni ya kwenye karatasi tu? Mtu akikosea ncha moja inakuwaje? Kuna jamaa yangu yamemkuta, usingizi hapati. Matusi hapana tafadhali.

BibiMkwaju
"Jamaa yangu." Haya, tumeelewa. Endelea.

Kishoka77
Kulungu gani huyo? Kulungu wa kwetu pembe zake hazina matawi na hazidondoki. Hao wa huko wanaziangusha kila mwaka zinaota nyingine. Tukubaliane mnyama kwanza, tusije tukashauri swala.

MzeeWaColumbus
Mkuu, mimi niko Ohio. Huku dume ni mmoja tu kwa mwaka, ncha hazitusumbui. Ila nimewinda upande wenu mara mbili. Tangu 2002, sehemu kubwa ya Pennsylvania dume awe na ncha tatu upande mmoja. Magharibi kule kwa Pittsburgh ni tatu bila kuhesabu ile ya chini karibu na jicho. Isiyofika inchi moja haihesabiwi. Zamani walikuwa wanamaliza madume wa mwaka mmoja na nusu, vijana kabisa, wakubwa hawaonekani msituni. Ndiyo maana wakaleta hiyo. Na wanaifuatilia sana. Huyo wa jamaa yako alikuwa na ngapi?

MtotoWaSikonge
Mbili kila upande. Ilikuwa alfajiri, theluji inadondoka, kichwa kiko nyuma ya matawi ya mwaloni. Kwenye darubini aliona tatu, wallahi. Moja kumbe kijiti. Alipomfikia akahesabu kwa kidole, akavua glovu akahesabu tena. Mbili.

Mama Ushauri
Mdogo wangu, ugenini mtu unatembea na sheria mkononi. Nyama dukani zipo. Ulikosa nini mpaka ukaingia porini na baridi yote hiyo? Wenzako wanatumia Jumamosi kupumzika na familia.

FundiWaNyayo
Umenikumbusha mbali. Nimefuata nyayo Selous misimu kadhaa na wawindaji wa kitalii. Kwetu tembo pembe zifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na simba atimize miaka 6. Sasa simba hana cheti cha kuzaliwa! Unamwangalia pua, jinsi ilivyojaa madoa meusi, na manyoya ya shingo. Mteja kalipia siku 21, jasho linamtoka, kidole kiko kwenye kifyatulio, na mimi mwenye kaptura iliyochanika ndiye niseme "mzee, huyu bado mtoto". Mmoja aliondoka na nyati tu. Bakshishi hakunipa, na mkono hakunipa. Jibu la swali lako sina, nimepita tu.

MzeeWaColumbus
Tusitoke kwenye mada. Kukosea kuna mlango wake huko kwenu. Unamtoa matumbo, unawapigia Game Commission, wale wasimamizi wa wanyamapori wa jimbo, siku ileile, unawakabidhi mnyama, unaandika maelezo, unalipa fidia kidogo, yanaisha. Alipiga simu?

MtotoWaSikonge
Hakupiga.

MzeeWaColumbus
Na tagi, ile karatasi ya leseni yenye jina la mwindaji? Sikioni kafunga ya nani?

BibiMkwaju
Mbona kimya?

BibiMkwaju
Saa nne sasa. Nimeshapika ugali nimekula.

MtotoWaSikonge
Nilikuwa zamu. Sawa, ni mimi. Tagi ni ya mwanangu. Ana miaka 13, ana leseni ya watoto na kozi ya usalama alifaulu. Wenye leseni hiyo ncha mbili upande mmoja zinawatosha. Nilikuwa naye, ila muda ule alikuwa kwenye pikapu hita imewashwa, miguu ilikuwa imemfa ganzi. Mzee mmoja wa kazini ndiye aliyenipa wazo. Anawinda huku tangu utoto na hii sheria hataki hata kuisikia, anasema pembe hazichemshwi, yeye anataka nyama. Akaandika jina la mtoto, tukafunga, na nikaripoti mtandaoni jioni.

Msinihukumu haraka. Leseni nimenunua, fulana ya rangi ya chungwa nimevaa, mnyama hajatupwa hata utumbo. Mtoto angekuwa amekaa pale angempiga huyohuyo. Tofauti ni kidole cha nani tu. Na mwezi wa tatu napeleka maombi ya uraia, fomu inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Ningepiga simu ningeandika nini?

MzeeWaColumbus
Ungepiga simu ungeandika "nilikosea". Sasa una tagi ya mtu mwingine na ripoti ya uongo. Ulikuwa na jambo dogo ukalifuga. Na huyo mzee wako nawajua wa aina yake. Gary Alt, mtaalamu wa kulungu wa Game Commission, alivyozunguka jimbo akiwaeleza hii sheria, walimnunia kwa sababu wakati uleule waliruhusu majike wengi wapigwe. Kwao pembe na majike ni kesi moja. Leo vijana wao wanapiga madume wakubwa, wazee bado wamenuna. Kosa likija, mzee atabaki na hasira zake. Jina sikioni ni la mwanao.

Kishoka77
Wakuu, hii ni CHAI tena ya tangawizi. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa nane huyu huyu alikuwa anauliza kuku 300 wa kienyeji watakula mifuko mingapi, yuko Kibaha, maji yanakatika. Leo ana theluji na mwaloni! Visa kapewa na kuku?

BibiMkwaju
😂😂😂 Nimekaa pale.

MtotoWaSikonge
Kuku ni wa mama. Yeye hana simu ya intaneti, nilikuwa namuulizia. Kuna ubaya gani?

Mama Ushauri
Kwani hao kuku waliishia wapi? Mimi wangu 80 walikufa kwa kideri wiki moja, chanjo nilichelewa siku mbili tu.

FundiWaNyayo
Mama, kideri dawa yake ni chanjo ya matone ya jicho, kila miezi mitatu. Usingoje waanze kuzungusha shingo.

MtotoWaSikonge
Walibaki 210. Lakini jamani.

Kishoka77
Kama si chai, tuambie mtoto anasemaje. Mtunzi wa chai huwa anasahau mtoto.

MtotoWaSikonge
Mtoto ndiye anayeninyima usingizi. Kazini yule mzee alimpongeza mbele ya watu, akampa kisu cha kuchunia. Njiani nyumbani akakikunja akakiweka kwenye dashibodi. Akaniuliza, "Baba, nikiulizwa nilipiga kutoka upande gani, niseme wapi?" Kisu bado kipo pale. Mimi ndiye ninayekiona kila asubuhi nikienda zamu.

BibiMkwaju
Mdogo wangu, nifute utani wangu wote.

Kishoka77
Sawa. Hii siwezi kuibishia. Nyama iko wapi?

MtotoWaSikonge
Kwenye bucha la kulungu, wanasindika soseji. Tagi wamebaki nayo. Wamesema Alhamisi tukachukue, na mtoto aje wampige picha ya ukutani.

MzeeWaColumbus
Basi una mpaka Alhamisi. Piga leo, tena mtafute wakili kwanza kwa ajili ya hiyo fomu ya uraia.

MtotoWaSikonge
Nimepiga Game Commission sasa hivi. Imeita mara mbili, nikakata.

BibiMkwaju
Namba yako wameiona lakini?

MtotoWaSikonge
Wanapiga.