Hyypiä au Litmanen? Gumzo la kikundi cha ukoo

Dogo Ibra: Wakubwa shkamooni. Jana kijiweni kuna mzee katubishia eti Liverpool ilishawahi kua na beki mkali kuliko Van Dijk, mzungu flani wa Finland. Mi nikajua mkeka wake umechanika ndo anatapatapa. Kuna ukweli hapo?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Huyo mzee mpe heshima yake. Ni Sami Hyypiä huyo

Mjomba Hamisi: Van Dijk walimnunua pauni milioni 75. Hyypiä 1999 walimtoa Willem II ya Uholanzi kwa milioni 2.6 tu na akakaa miaka kumi, mechi 464 magoli 35, beki wa kati huyo!! Gawanya mwenyewe hesabu unaijua

Dogo Ibra: 😳 2.6?? sasa hivi hiyo hupati hata kipa wa benchi

Mjomba Hamisi: Na hata hiyo bei watu walikua hawamjui, magazeti ya Uingereza yanauliza huyu nani. Newcastle walishamfanyia majaribio wakamwacha. Stori yenyewe ni kwamba mpiga kamera wa tv ndo alimnong'oneza bosi wa Liverpool Peter Robinson, kuna beki kule Uholanzi kamwangalieni. Kocha Houllier akampanga na beki mwenzake Henchoz pale namba nne na tano mambo yakaisha

Shemeji Gody: Henchoz tena 😡 umenitonesha kidonda. Fainali ya FA 2001 nyie na sisi Arsenal pale Cardiff, Henry wetu kampita kipa anapiga golini, Henchoz kazuia kwa MKONO, refa anaangalia pembeni. Ingekua VAR ya video ipo!

Mjomba Hamisi: Hahaha shem miaka yote hiyo bado tu. Mkono sawa, ila wewe hukumbuki mipira aliyokua anaitoa Hyypiä mstarini siku ile? Arsenal mmetawala mechi nzima, Ljungberg kafunga, mnaanza kucheka, Owen dk 83 kasawazisha, dk 88 kamaliza

Shemeji Gody: Nakumbuka. Nilikua nimevaa jezi mpya

Dada Rehema: 🤣🤣🤣

Mjomba Hamisi: Msimu ule makombe matatu, kombe la ligi, FA na Uefa ndogo, ile fainali ya Dortmund na Alavés tano nne, Alavés wakajifunga la dhahabu. Halafu jamaa hakua na mbio Ibra, nikwambie ukweli, taratibu kabisa. Ila anajua mpira unaenda wapi kabla wewe straika hujajua. Na kelele hana, hapigi mtu viatu ovyo

Mama Neema: Hapigi viatu? Old Trafford 2003 mmemsahau? Dakika hazijafika hata kumi kamvuta Van Nistelrooy kala nyekundu penati ikapigwa tukawamalizia nne bila 😂 sisi Man U tunaweka kumbukumbu

Mjomba Hamisi: Wifi umeamka saa ngapi wewe 🙄

Ba'mdogo Salum: Nimewasoma kimya kimya. Hyypiä alikua mzuri sikatai. Ila Ibra ukiulizwa Mfini bora wa mpira jibu ni moja tu, Jari Litmanen. Namba kumi ya Ajax ya Uholanzi, timu ya kocha Van Gaal iliyobeba klabu bingwa Ulaya 1995 kwa kumfunga Milan, akina Kanu na Finidi mle ndani. Mwaka huo Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, akawa wa tatu. WA TATU DUNIANI, mtu katoka Lahti huko kwenye barafu. Mwaka uliofuata akafunga kwenye fainali na Juve, wakatolewa kwa penati basi tu

Mjomba Hamisi: Salum huyo Litmanen alikuja kwetu pia 2001, umejificha hapo husemi. Makombe yale mwenzake anacheza yeye yuko nje, aliumia mkono akiichezea Finland na England tena uwanja wetu wenyewe Anfield. Miguu ya dhahabu mwili wa glasi

Ba'mdogo Salum: Majeraha sio kosa la mtu kaka

Dogo Ibra: Kwahyo walicheza pamoja Liverpool?

Ba'mdogo Salum: Na kabla yake timu ya MyPa kwao Finland, 1992 wote wapo na kombe la Finland wakachukua. Kisha huyu Ajax, yule akaja kufuata Uholanzi baadae

Mjomba Hamisi: Sasa Ibra sikia jambo la kukuonyesha mtu. 2003 Houllier kamvua kitambaa cha unahodha kampa Gerrard dogo. Wengine hapo wananuna wanaomba kuuzwa. Hyypiä kimya, kaendelea kupiga kazi, mechi 57 za Ulaya mfululizo hakukosa hata moja. 2005 robo fainali na Juventus, kona imepigwa, Luis García kaigusa kwa kichwa nyuma kule Hyypiä kaunganisha hewani kwa mguu wa kushoto, Buffon kasimama anaangalia. Mwezi wa tano Istanbul, fainali ya klabu bingwa Ulaya. Kibandani kwetu mapumziko tumefungwa tatu bila watu wakabeba viti wakaenda kulala, sisi tuliobaki tulitoka saa sita na ushee tunaimba barabarani mpaka mgambo wakatufata

Dada Rehema: Kumbe ndo siku ile mama alikufungia mlango 😂

Dogo Ibra: Na timu ya taifa je? Finland sijawahi kuwaona kombe la dunia

Ba'mdogo Salum: Hapo wote wawili walidhulumiwa. 1997 wanaongoza na Hungary kwao Helsinki, dakika za nyongeza, mpira ukagongana na miguu yao wenyewe ukamgonga kipa ukaingia. Mchujo ukaota mbawa. Euro 2008 nayo ikaishia suluhu na Ureno. Finland kufuzu Euro mpaka 2019 na akina Pukki, wazee washastaafu

Mjomba Hamisi: Hyypiä mechi 105 za taifa. Akamalizia Leverkusen ya Ujerumani, 2011 akastaafu, mwaka uliofuata yupo benchi hapohapo anafundisha

Ba'mdogo Salum: Litmanen 137 magoli 32. Na 2010 ana miaka 39 bado kafunga mechi ya kufuzu Euro

Mjomba Hamisi: Na nani? Taja timu

Ba'mdogo Salum: Goli ni goli

Mjomba Hamisi: San Marino. Nane bila. Kwa penati. Salum hata Mama Neema angefunga pale

Mama Neema: Tena kwa kisigino